Penseli ndani ya ufa

Ujumbe wa mama mmoja uliingia usiku kwenye kundi la wazazi: "Diwani anasubiri ukuta uwaangukie watoto wetu ndipo alete rambirambi?" Diwani mwenyewe ni mimi, na uliniuma. Shule ile nilikuwa nimeihangaikia kwelikweli. Nikaanza kuandika jibu refu: madawati, kisima, paa jipya. Mwishoni nikauliza ni nani anayewatuma.

Sikulituma. Nilikumbuka Aberfan, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Wales. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la taka za mgodi liliporomoka likafukia shule ya msingi. Walikufa watu 144, watoto wakiwa 116. Miaka michache kabla, hofu kuhusu lundo lile ilikuwa imeshaandikwa kwenye barua za kiofisi. Barua zilisomwa, zikajibiwa, lundo likabaki palepale juu ya shule. Nikaisoma upya rasimu yangu na kuona kuwa ufa wenyewe wa ukuta wa darasa sikuutaja popote.

Nikaifuta, nikampigia yule mama. "Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Njoo uone tu."

Asubuhi saa moja na nusu tulikuwa darasani. Akachukua penseli ya mwanawe, akaisukuma ndani ya ufa ikazama hadi kikabaki kifutio. Binti wa dawati la nyuma akaniambia yeye haketi upande ule, mchanga humwingia machoni. Nilikuwa nimeshaingia darasa lile zaidi ya mara moja na wageni, na hakuna siku niliyomuuliza mtoto anaketi wapi.

Watoto tuliwahamisha siku ileile, kabla hata mhandisi hajafika.

Kilichonitoa jasho ni mkutano wa wazazi. Nilisimama nikasema, "Mlinieleza, sikuja. Nimekosea, naomba radhi." Nilijizuia kutumia lile neno "kama". Ukisema "kama kuna niliyemkwaza", hujaomba radhi, umemrudishia mwenzako kosa. Kisha nikawaeleza ninachokijua, nisichokijua, na siku nitakayorudi. Fedha sikuziahidi, maana hazikuwepo.

Siku ile ilipofika, bado hazikuwepo. Nilitamani sana kutuma mtu aseme niko safarini. Nilikwenda mwenyewe. Baba mmoja akafoka mpaka sauti ikamkauka, na wazee walipotaka kumnyamazisha niliwaomba wamwache amalize. Alikuwa na watoto wawili pale. Nikawasomea barua niliyoandika kuomba fedha na jibu nililopewa, neno kwa neno, nikataja tarehe nyingine. Baada ya kikao, baba yuleyule ndiye aliyejitolea kwenda nami kufuatilia.

Kuna kiongozi mwenzangu aliniambia nimejishusha, kwamba ukiwazoesha wazazi hivyo watakupanda kichwani. Sikubaliani naye hata kidogo. Mzazi anayekupigia kelele bado anaamini unaweza kufanya jambo. Ninayemhofia mimi ni yule aliyekwisha kukata tamaa na kumhamisha mtoto kimyakimya.

Ukuta ulibomolewa, ukajengwa mwingine wenye nguzo. Ulichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Wiki iliyopita yule mama ameandika tena kwenye kundi, safari hii kuhusu vyoo vya wasichana: milango miwili haina komeo. Nimempigia. Kesho asubuhi tunakwenda kuviangalia, na yule binti wa dawati la nyuma nimeomba awepo.