Kibuyu kipo

Mbukwenyi ndugu zangu.

Hii ni wiki ya nne tangu nirudi nyumbani Chamwino, mkoani Dodoma, baada ya miaka 11 Muscat. Wanaorudi huandika habari za mji, nami mji nimeuona. Nimepanda treni ya umeme Dar alfajiri, na kabla ya saa nne nilishashuka Dodoma. Mwaka 2014 safari hiyohiyo ilinimalizia siku nzima ndani ya basi. Mtumba, kwenye mji wa Serikali, pamejaa wizara. Mashamba ya uwele niliyoyaacha njiani yamekuwa viwanja vyenye mawe ya mipaka. Hayo yote nilikuwa nayaona kwenye simu, sikushtuka. Kilichonishtua ni jagi la maziwa.

Mliokulia huku sina haja ya kuwaeleza kibuyu. Cha mama kilikuwa na shingo ndefu na ukanda wa ngozi, kizibo chake gunzi la hindi. Alikiosha kwa maji ya moto, akakitia kijinga cha moto ndani, akakitikisa mpaka moshi ushike. Maziwa yakikaa siku mbili tatu yanaganda, anayasukasuka amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, siagi inajitenga, na yaliyobaki tunayalia ugali wa uwele. Harufu ile ya moshi na uchachu ndiyo harufu ya mama yangu. Hata nguo zake zilinuka hivyo.

Kule Muscat nilifanya kazi za ndani. Kwenye jokofu la kila nyumba kuna laban, maziwa ya mgando mepesi ya kunywa, na mimi niliyapenda kwa sababu moja tu: nikifumba macho yananifikisha nusu ya njia ya nyumbani. Nusu nyingine ni moshi. Likizo zangu nilizibadilisha kuwa fedha, mkataba juu ya mkataba, nyumba ya mama ikapata bati na sakafu, halafu korona ikafunga njia. Kila Ijumaa nilipiga simu. Namsalimia mama, naulizia mvua, kisha nauliza swali langu.

"Mama, kibuyu kipo?"

"Kipo, mwanangu."

Roho inatulia, nalala.

Hata mwezi wa kurudi niliuchagua kwa ajili hiyo. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na ng'ombe wa zebu ambaye Oktoba hana hata ya kumtosha ndama, Februari anakamuliwa asubuhi na jioni. Nikaja Februari. Nikafika jua linaelekea kuzama, ng'ombe wanarudi, vumbi hamna, nyasi mbichi mpaka kwenye ua wa miiba. Mama akanishika uso kwa mikono miwili, akasema nimekonda. Nikamwomba mgando kabla hata sijavua viatu.

Akaniletea kwenye jagi la plastiki la kijani. Mazito, meupe, laini, hayana chembe ya moshi. Nikaonja. Nikasema, "Mama, haya siyo yenyewe." Nikayarudisha mkononi kwake.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeifuta mara tatu. Naiacha. Mama alilichukua jagi, akalifunika na sahani, akaniambia chai iko motoni.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa na kinyongo. Nilimwona anavyochemsha. Kila lita ya nyumbani inapanda jikoni kwenye sufuria kubwa, anakaa nayo mpaka ifure, anaiepua, anaipoza kwenye beseni la maji, ndipo anatia vijiko viwili vya mgando wa jana na kufunika. Nikasema moyoni, wamemharibu mama yangu. Nikawalaumu wataalamu wa semina, nikamlaumu kijana wa pikipiki anayekuja saa kumi na mbili asubuhi na madumu yake na kile kijiti cha kioo cha kupimia kama umechanganya maji. Mji umekula maziwa yetu, nikasema. Watumishi wamehamia na chai zao, na sisi tumebaki na jagi la plastiki.

Siku ya tatu nikaingia stoo kutafuta jembe. Kibuyu kilikuwa kimening'inia kwenye boriti. Kipo, kama alivyosema miaka yote. Kimejaa mbegu za kunde zilizochanganywa na majivu, mdomo umezibwa kwa kitambaa cha kanga yake ya zamani.

Nikatoka nacho mpaka uani. Nikamuuliza mama kwa nini alinidanganya. Hakujibu, alikuwa anachambua mlenda. Mdogo wangu ndiye aliyenivuta pembeni, tukaenda bombani na ndoo, na huko ndiko alikonieleza mambo ambayo nyumba nzima ilikuwa inayajua isipokuwa mimi.

Mwaka 2019 ng'ombe watatu walitupa mimba msimu mmoja. Mama, kama alivyofanya maisha yake yote, aliwasaidia kwa mikono mitupu, akavuta, akatoa kondo la nyuma, akaenda kunawa. Miezi michache baadaye akaanza homa. Homa yenyewe ya kuja na kuondoka: jioni inapanda, usiku analowa jasho mpaka anabadilisha shuka, asubuhi anaamka anakwenda zizini. Viungo vinauma, kiuno hakinyooki. Akapewa dawa za malaria, akapata nafuu ya siku chache, ikarudi. Akapewa za taifodi. Malaria tena. Karibu miaka miwili. Alifika mahali akakamua akiwa amepiga magoti kwa kuwa kuchuchumaa alishindwa. Ndipo daktari mmoja kijana, alipoambiwa huyu mama anafuga, akauliza kama wanachemsha maziwa. Damu ikapimwa. Brusela.

Kwa ng'ombe ugonjwa huu ndio ule wa kutupa mimba. Kwa mtu unapita kwenye maziwa mabichi, na kwenye maji ya uzazi na kondo unapomzalisha ng'ombe bila kujikinga. Kugandisha maziwa peke yake si kinga ya kutegemea; kinga ni moto. Na moshi wa kijinga, ule nilioulilia miaka 11, unaleta harufu, si kinga. Mama alimeza dawa wiki sita mfululizo bila kuruka siku, mdogo wangu akimhesabia vidonge.

Dawa hazijaisha, mtaalamu wa mifugo akaja kupima damu ya kundi. Wanne walikutwa nao, wakaenda kuchinjwa. Mmoja wao alikuwa Subira, mtamba niliyemnunulia mama kwa mshahara wangu wa kwanza. Mimi niliambiwa kwenye simu kwamba Subira ameuzwa kulipia ada ya watoto wa marehemu kaka. Nikakasirika. Ijumaa mbili nzima nilimlalamikia mama kuhusu ng'ombe wangu, naye alikuwa kwenye wiki ya nne ya dawa, ananijibu, "Nisamehe mwanangu, nitakutafutia mwingine."

Na kweli alitafuta. Binti mmoja wa Subira alipimwa akaonekana mzima, akabaki, na leo ndiye anayeongoza kwa maziwa. Wamempa jina la mama yake. Mama naye, fedha za wale wanne alinunua chotara wa Mpwapwa. Kama hamuifahamu aina hiyo, ilitengenezwa hapahapa mkoani kwetu, kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa, kwa kuchanganya zebu wetu na damu za Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi na nyinginezo. Anavumilia ukame na anakamulika zaidi. Mama anamsifia kama mkwe mwenye adabu.

Sasa nianze kumweleza mama yangu huyu wa leo, maana yule niliyemweka kichwani miaka yote alikuwa mwanamke wa mwaka 2014, ameshika kibuyu, hasogei.

Huyu wa leo anaamka saa kumi na moja, tochi ya simu mkononi. Anamwachia ndama anyonye kidogo, maziwa yashuke, kisha anamfunga pembeni na kumfunga ng'ombe miguu ya nyuma kwa kamba laini. Anakamua akiimba chini kwa chini Kigogo. Ng'ombe wa zamani wanaujua wimbo huo na wanaacha kutafuna. Ana daftari la shule lenye picha ya twiga. Mle ameandika nani kapandwa lini, nani kazaa, josho lilikuwa lini, nani kachanjwa. Wazee wetu walisema ng'ombe hawahesabiwi. Yeye anahesabu, anapiga mstari kwa rula. Kupe wanaoleta ugonjwa wa ndigana kali wamemfundisha adabu ya tarehe: siku ya kuogesha haihamishwi kwa sababu ya msiba wala harusi.

Ana glavu ndefu za mkono mzima zinazoanikwa kwenye kamba pamoja na nguo za wajukuu. Kondo la nyuma linachimbiwa shimo, mbwa hawagusi. Maziwa yanayokwenda mjini anamwambia yule kijana wa pikipiki kila siku, bila kuchoka, "Waambie wachemshe." Nimemsikia asubuhi zote za wiki hizi nne, hajaruka hata moja.

Na anavyovipenda? Anapenda ugali wa uwele ulioiva mpaka ukachukua rangi ya majivu, na mlenda wenye karanga na magadi kidogo. Wali anaula kwa heshima ya mgeni. Anapenda nundu ya kuchoma, ile mafuta yanapotona kwenye makaa, lakini kipande kimoja tu, kwenye sikukuu. Anapenda uji wa ukwaju. Anapenda redio yake ndogo ikipiga zeze, na akisikia nyimbo za dansi anaizima kutunza betri. Kigoda ni kilekile. Mvua ikianza kunyesha usiku kwenye bati anaamka na kukaa kitandani kuisikiliza, amevuta blanketi mabegani, na usimsemeshe. Anasema tembe, nyumba yetu ya zamani ya paa la udongo, lilikuwa halina sauti ya mvua, na hiki ndicho kitu alichokipenda zaidi kwenye nyumba niliyomjengea. Si sakafu, si madirisha. Miaka yote nilituma fedha nikidhani nakijua anachokipenda.

Nilimuuliza usiku mmoja kwa nini hakuniambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ulikuwa unauliza kibuyu. Ungesikia kimekuwa cha mbegu ungebaki na nini kule?"

Kwa hiyo mlio nje, mnaopiga simu Ijumaa na Jumapili, nawaambia kwa uchungu kabisa. Msiulize "habari za nyumbani", mtajibiwa nzuri. Mama wa Kigogo anayejibu "salama tu" anaweza kuwa amejibu huku ameshikilia nguzo. Muulize mdogo wako: mama ameamka saa ngapi leo, amekula nini, ametembea mpaka wapi. Kama mama anafuga na ana homa inayokwenda na kurudi na viungo vinauma, mwambieni amweleze daktari kwamba anafuga, asingoje kuulizwa, na aombe kipimo cha brusela. Mkipakia mabegi, acheni mapazia na manukato. Leteni glavu. Lipieni vipimo vya kundi zima. Na mtakachokabidhiwa mlangoni, kunyweni.

Kibuyu nilitaka nikioshe nikirudishe kazini, tutie maziwa yaliyochemshwa. Mama amekataa. Kunde za kupanda hazijaisha, na anasema majivu yameshaingia kwenye ngozi ya kibuyu, maziwa yatakuwa machungu. Nimekirudisha kwenye boriti.

Ya kwenye jagi nayanywa kila jioni. Nimeanza kuijua ladha yake: kuna utamu wa maziwa yaliyopikwa, uchachu unakuja nyuma taratibu. Jana nilichemsha mimi, mama akakaa kigodani kunisimamia, na utando uliobaki kwenye sufuria tukauachia watoto.

Leo asubuhi nikajaribu kumkamua Subira. Akabana maziwa, akageuza kichwa kunitazama, akapiga teke ndoo. Hajui harufu yangu. Mama akaja akasimama nyuma yangu, akaweka mkono mmoja kwenye mgongo wa ng'ombe na mwingine begani kwangu, akaanza kuimba. Tukapata robo ya ndoo.