Ninavyotumia tofauti za jenomu kufuatilia maambukizi ya kifua kikuu

Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu, yaani DNA yake yote, ina herufi takriban milioni 4.4, na kwa wastani hubadilika herufi moja tu kila miaka miwili. Kwa mwendo huo wa kinyonga, kosa dogo la maabara linaweza kuhesabika kama miaka kadhaa ya maambukizi. Ndiyo maana kazi yangu kubwa ni kutupa tofauti za uongo kabla ya kuhesabu za kweli.

Naanza na makohozi yaliyooteshwa maabara ili bakteria waongezeke, maana yakiwa mabichi DNA nyingi huwa ni ya mgonjwa mwenyewe na ya bakteria wa kinywani. Nakwangua otesho lote, si koloni (kirundo cha bakteria) moja. Ukichukua koloni moja umeacha nyuma aina nyingine za bakteria hao alizobeba mgonjwa huyohuyo. Ukuta wa bakteria huyu una nta nyingi, kwa hiyo baada ya kuwaua kwa joto nawatikisa na shanga za kioo ili DNA itoke. Ukizidisha kutikisa, DNA inakatikakatika. Kijaribio chenye maji matupu kinapita hatua zote pamoja na sampuli. Kikitoa herufi za kifua kikuu, kundi zima narudia.

Mashine husoma DNA vipande vipande; vipande hivyo navipanga juu ya jenomu ya rejea, ile ya bakteria wa kulinganishia aitwaye H37Rv. Sampuli ambayo kila herufi yake haijasomwa kwa wastani mara 30 siitumii. Badiliko nalikubali likisomwa na vipande 10 au zaidi na asilimia 90 yake vikiafikiana. Herufi mbili zikigawana nafasi moja, tuseme 60 kwa 40, na hali hiyo ikajirudia kwenye nafasi nyingi, nashuku maambukizi mchanganyiko au sampuli jirani iliyomwagikia.

Jeni za familia mbili ziitwazo PE na PPE, karibu asilimia 10 ya jenomu, naziondoa kabisa. Zinafanana mno, na programu hukosea mahali pa kuweka vipande. Sampuli mbili zinaweza kuonyesha tofauti 19, lakini ukitazama vipande vyenyewe unakuta 16 zimerundikana kwenye jeni moja ya PPE. Zinabaki 3, na jibu limegeuka: wagonjwa walioonekana hawahusiani sasa wanaonekana wa karibu.

Mabadiliko ya usugu wa dawa nayo nayaweka kando ninapochora mti wa nasaba. Badiliko la nafasi ya 450 kwenye jeni ya rpoB huzuka lenyewe kwa wagonjwa wasiohusiana, kwa sababu rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inawaacha hai bakteria wenye badiliko hilo kila mahali.

Kati ya sampuli za wagonjwa wawili, tofauti 5 au pungufu huashiria maambukizi ya karibuni; zikizidi 12, uambukizo wa moja kwa moja ni vigumu kuuamini. Kati ya hapo natafuta tarehe za kuanza kukohoa na waliolala chumba kimoja. Hata sifuri haisemi nani alimwambukiza nani: wote wawili huenda walipata kwa mtu wa tatu ambaye makohozi yake hayajafika maabara.