Kumpangia Machaguo Kijana wa PCB

Kila matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, huanza kunijia vijana waliosoma tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, wengi wakifuatana na wazazi wao, na nikiwauliza wanataka kuomba nini chuo kikuu, karibu wote hujibu neno moja tu: udaktari.

Mimi huanza kwa kuwatenganishia sifa za chini na ushindani, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, humweleza mwombaji sifa ambazo bila hizo maombi yake hayatazamwi kabisa, lakini haumwambii atashindana na nani. Kijana mwenye C ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia ana pointi 8, na akiomba Shahada ya Udaktari pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, atajikuta kwenye foleni moja na wenye A mbili au tatu. Simkatazi kuomba. Ninachokataa ni kuona nafasi zote za machaguo, katika kila chuo alicholipia ada ya maombi, zimejazwa udaktari, ilhali uuguzi, famasia, sayansi ya maabara, fiziotherapia na afya ya mazingira zipo palepale.

Mzee mmoja aliwahi kunikatisha hapo. "Mwalimu, mimi huyu nimemsomesha awe daktari, siyo wa kupima mikojo." Binti yake akainamisha kichwa. Nilimwomba mzee anieleze mara ya mwisho alipougua daktari alijuaje kuwa ni taifodi na si malaria, naye akacheka kidogo, ingawa hakukubali siku ile. Kwa maoni yangu, nusu ya kazi hii ni kuzungumza na mzazi, na inafaa mtoto awepo akisikia, kwa sababu yeye ndiye atakayekaa darasani miaka mitano ya udaktari na kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini.

Ambaye alama zake hazifiki huwa namwonesha njia ya stashahada ya utabibu, ya miaka mitatu, ambayo huangalia zaidi ufaulu wa Kidato cha Nne katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Ni njia ndefu, lakini zahanati nyingi za vijijini huendeshwa na hao hao matabibu, na anayemaliza kwa GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya kuanzia 3.0 anaweza kurudi kuomba udaktari.

Kinachoniudhi zaidi ni mambo ya steshenari, maduka wanakojaziwa fomu za maombi mtandaoni. Kijana hupeleka namba yake ya mtihani, mhudumu anamjazia fomu kwa barua pepe ya duka na namba ya simu ya duka, nywila anabaki nayo mhudumu huyo, na kijana anaondoka na karatasi ya risiti tu. Majina nayo huachwa yakitofautiana, cheti cha kuzaliwa kikisema Saidi na cha Kidato cha Nne kikisema Said, jambo linalokuja kumsumbua anapohakikiwa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kwa ajili ya mkopo wa masomo. Tena aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa. Kwa hiyo fomu yoyote inayojazwa mbele yangu huandikwa namba ya simu ya kijana mwenyewe au ya mama yake, na nywila huandikwa nyuma ya daftari lake kabla hatujabonyeza kitufe cha kutuma.