Sato wa Mama, Usiku wa Kuamkia Upasuaji

Binti yangu ameanza kuota meno ya utu uzima, na siku hizi hataki kupiga mswaki peke yake. Sharti tusimame wote wawili mbele ya kioo. Juzi alinitazama mdomoni kwa makini, akaniuliza kwa nini ufizi wangu ni mweusi kote isipokuwa pale chini, mbele, penye kiraka cha rangi ya waridi. Nilimweleza kwa ufupi kwamba nyama ile ilitolewa juu, kwenye kaakaa, ikahamishiwa chini. Jibu lilimtosha, akaendelea na mswaki wake. Mimi halikunitosha, kwa kuwa swali lake lilinirudisha kwenye maandalizi ya upasuaji ule, na hasa kwenye usiku ambao mama alikesha jikoni kwangu, Kirumba, Mwanza.

Ufizi wa jino langu moja la mbele ulikuwa umeshuka milimita 4, mzizi ukawa wazi, na maji ya baridi yakawa mateso. Daktari alipopima kwa kile chombo chembamba chenye alama za milimita, alinieleza kwamba kuonekana kwa mzizi hakukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Ule ufizi mgumu unaoshikamana na mfupa ulikuwa umekwisha mahali pale, ukabaki ule laini ambao huvutwa na mdomo kila mtu anapokula au kuzungumza. Na kwa kuwa jino lenyewe lilijitokeza mbele kidogo kuliko mengine, kushuka huko kungeendelea. Alipendekeza kukata kipande chembamba cha kaakaa na kukishona mahali palipopungua. Alinionya mapema pia kwamba kipande hicho kingebaki na rangi yake ya huko kilikotoka, na kwa mtu mwenye ufizi mweusi tofauti ingeonekana maisha yote. Nilimshukuru kwa kunieleza hilo kabla, maana kuna mambo ambayo mgonjwa akiyagundua mwenyewe baadaye huyahesabu kuwa ni kosa la daktari.

Hata hivyo hakukubali kunipangia tarehe hadi ufizi uache kutoa damu. Ugaga uliondolewa kwanza, nikafundishwa kutumia mswaki laini bila kukandamiza, kisha nikasubiri. Aliniuliza kuhusu kisukari, shinikizo la damu, ujauzito, sigara na kila dawa niliyokuwa nikimeza, hata aspirini ya maumivu ya kichwa, kwa sababu huchelewesha damu kuganda. Alichukua umbo la kaakaa langu ili kitengenezwe kifuniko cha plastiki cha kukinga kidonda cha juu, ambacho wagonjwa wengi hukilalamikia kuliko pale panaposhonwa. Lakini lililonikaa zaidi akilini ni maelezo yake kwamba kipande kilichohamishwa hakina mshipa wa damu wa kwake: siku za mwanzo huishi kwa majimaji yanayopenya kutoka chini, mpaka mishipa mipya iingie, na kikitikisika katika siku hizo kinaweza kufa. Kwa hiyo ilikuwa marufuku kuvuta mdomo ili kuchungulia, marufuku kunyonya kwa mrija, marufuku chochote cha moto au kigumu.

Mama alikuja kutoka Magu kunisaidia, na alipofika stendi ya Buzuruga nilikokwenda kumpokea hakungoja hata tupande gari.

“Yaani wakukate huku, wakubandike huku, kwa ajili ya jino moja? Si ling'olewe, mama, upumzike.”

Hakusema hivyo kwa ukali. Yeye mwenyewe hana meno ya mbele ya chini. Yalilegea akiwa bado kijana, akaenda kituo cha afya, yakang'olewa, akarudi shambani siku hiyohiyo. Kwa watu wa rika lake, jino lililolegea lilikuwa na tiba hiyo moja tu, na katika utoto wangu wote sikupata kumsikia akilitaja kama jambo la kusikitisha. Nilijaribu kumweleza habari za ufizi mgumu na ufizi laini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, ambalo sikulitarajia: “Na utakula nini?”

Alikuwa amebeba michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nilipomwambia kwamba vyote viwili vilikuwa vigumu mno kwa kinywa kilichoshonwa, aliviweka kando bila neno. Alfajiri ya siku iliyotangulia upasuaji alitoka kimya kimya kwenda mwaloni, kwenye soko la samaki, akarudi na sato wakubwa.

Aliwachemsha jioni, akawaacha wapoe, kisha akaketi kwenye kigoda, sinia mapajani, akaanza kuwachambua. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alifanya kazi kwa mwanga wa taa ya kuchaji, lakini hakuitegemea. Alitegemea vidole. Aliinua kipande kidogo cha mnofu, akakisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, akasimama alipohisi kitu, akakivuta: mwiba mwembamba kuliko uzi, ambao mimi nisingeuona hata mchana. Aliuweka pembeni mwa sinia, akarudia. Alipomaliza samaki wote nilidhani kazi imekwisha, lakini alianza upya tangu mwanzo, mnofu uleule, vidole vilevile. Na mara hii nayo alipata miiba.

“Mayu, nenda ukalale,” nilimwambia. “Inatosha.”

“Haitoshi,” alisema. “Umesema nyama hiyo haitaki kuguswa.”

Ndipo nilipojua kwamba maelezo yangu aliyashika yote, hata yale niliyodhani yamempita. Alikuwa bado anaamini kwamba jino lile lilipaswa kung'olewa; hilo hakulificha. Lakini kama binti yake alikuwa amechagua njia ndefu, basi mwiba usingekuwa sababu ya kuiharibu. Alisaga ule mnofu pamoja na viazi na mchuzi wake, akaugawa katika vikopo vidogo, akavipanga ndani ya friji iliyokuwa bado na baridi, akaniamuru nisiifungue hadi umeme urudi.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko nilivyoogopa. Ganzi ya kaakaa iliuma sana, kisha sikuhisi kitu zaidi ya kuvutwa kwa nyuzi. Uvimbe ulikuja, ukaondoka. Nilikula chakula kile cha mama kikiwa baridi, kwa kijiko kidogo, kwa upande mmoja wa kinywa, na sikukutana na mwiba hata mmoja.

Siku ya kutoa nyuzi aliomba twende wote. Daktari alipomaliza na kusema kipande kimeshika, mama aliinama akapachungulia kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua, kama mtu mzima aliyebakiwa na meno machache anaweza naye kutazamwa ufizi. Daktari alimjibu kwamba inawezekana, na kwamba angeanza kwa kuondoa ugaga, kama alivyonianza mimi. Mama alishukuru, akafunga kitenge chake vizuri, tukaondoka.

Mpaka leo hajakwenda. Nikimkumbusha kwa simu, ananiambia tuzungumze baada ya mavuno ya mpunga, na mavuno yakipita husema miguu inamuuma. Dada yangu anaona nimwache, kwamba mama amezoea na hana maumivu. Mimi sina hakika kwamba hana maumivu. Nina hakika tu kwamba hajawahi kuyasema, na bado sijapata namna ya kumuuliza ambayo haitamfanya ajione kama anadaiwa.