Nilivyomsimulia Buck kwenye foleni ya Kasumbalesa

Foleni ya Kasumbalesa haina adabu. Unatoka bandari ya Dar na salfa ya migodini, unavuka Tunduma, unaikata Zambia, halafu ukikaribia geti la Kongo unazima injini. Leo mnasogea urefu wa malori machache, kesho hamsogei kabisa. Wenzangu hucheza drafti, wengine huandaa mikeka ya kubeti mechi za Jumamosi, wengine hulala chini ya tela. Mimi safari ile nilikuwa na kitabu kwenye simu.

Ni The Call of the Wild cha Mmarekani Jack London, hadithi ya mbwa aitwaye Buck. Kilitoka mwaka 1903 na muda wa hakimiliki umeshapita, kwa hiyo unakipakua bure na kihalali. Nilikichagua kwa ufupi wake, sura saba tu, maana Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na huchoka mapema. Kusimulia hakukuwa kwenye mpango. Ila utingo wangu aliniona nasoma huku nasonya, akauliza, "Bosi, nani kakuudhi humo?" Nikampa sura ya kwanza kwa mdomo. Akaenda kuitangaza, na jioni, baada ya ugali, wakaja na ndoo zao za kukalia.

Kikwazo kilikuwa mbwa mwenyewe. "Hadithi nzima ya mbwa?" aliuliza mzee mmoja wa Tanga, dereva wa siku nyingi ambaye wote tunamwamkia kwanza. Kwetu mbwa hulala nje, akikulamba unatafuta maji ya kujitwaharisha, na ukimwita mtu mbwa ujue umeanzisha ugomvi. Nisingeweza kuanza na sifa za manyoya. Nikaanza na mwizi.

Kule Santa Clara, California, kwa Jaji Miller, kuna kibarua wa bustani anaitwa Manuel. Ana mke, watoto wengi, mshahara wa kubabaisha na maradhi ya bahati nasibu. Tena anaamini kabisa kwamba amegundua njia ya kushinda. Mwaka ni 1897. Dhahabu imeonekana Klondike, kaskazini ya mbali ya Kanada, watu wanamiminika huko, na mbwa mkubwa mwenye misuli, wa kuvuta mizigo kwenye theluji, sasa ni mali. Siku jaji ana mkutano, Manuel anamfunga kamba mbwa wa tajiri, anampeleka stesheni, anamuuza. Hapo habari ya najisi ilisahaulika. Barabara yetu inamjua Manuel: ni yule anayenyonya dizeli ya tajiri ili alipie mkeka. Walimtukana mpaka nikanyamaza kidogo, na mzee wa Tanga akavuta ndoo yake karibu.

Kuanzia hapo nilijiwekea utaratibu. Mchana nasoma sura nikiwa kwenye kichwa cha gari, milango wazi, nikirudia penye utata. Jioni nasimulia bila kushika simu. Nilijaribu kutafsiri sentensi moja moja huku nikisoma, watu wakaanza kupiga miayo, nikaacha. Majina nilibakiza machache: Buck, Spitz, Dave, François, Thornton. Waliobaki niliwaita kwa kazi zao, mtu wa posta, mtu wa rungu. Maili nikazigeuza kilomita na ratili nikazigeuza kilo, maana hadhira yangu ni watu wa mizani, ukiwapa uzito wa kubuni watakuumbua.

Bahati nzuri London mwenyewe ni mtu wa hesabu, na nadhani hapo ndipo siri ya kitabu hiki ilipo. Unajua kila mbwa anakula nini. Buck anapewa samaki mkavu kama gramu 700 kwa siku, wenzake waliozaliwa kaskazini karibu nusu kilo, na Buck bado hashibi. Anajifunza kula haraka asiporwe. Halafu anajifunza kuiba: anamwona mwenzake Pike akikwapua kipande cha nyama, kesho yake yeye anaondoka na mnofu mzima, na anayechapwa ni Dub, mbwa mzembe ambaye siku zote hukamatwa yeye. Walicheka sana hapo. Kila kampuni ina Dub wake.

Usiku wa kwanza wa baridi kali Buck anafukuzwa hemani, anazunguka kambi nzima hajui wenzake wamelala wapi, mpaka theluji inadidimia chini ya mguu wake na kitu kinajitikisa humo chini. Kumbe wamejichimbia, kila mmoja na shimo lake. Na miguu yake ya mjini ni laini, inauma. Kila usiku baada ya chakula François, anayewaendesha mbwa hao, anamkanda nyayo kwa nusu saa, kisha anakata sehemu ya juu ya viatu vyake mwenyewe vya ngozi na kumshonea vinne. Asubuhi moja anasahau kumvalisha. Buck analala chali, miguu minne hewani, anaipunga, hataki kuondoka bila viatu. Dereva Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye mpaka hapo alikuwa anajifanya anasikiliza redio, aliangua kicheko: "Ule imbwa eko na akili, kaka!" Akahamia kwetu moja kwa moja.

Sura ya nne niliisimulia polepole. Mbwa hawa wanavuta posta kwa sledi, tela la kuteleza juu ya theluji. Kwa miezi isiyotimia mitano wamekwenda kama kilomita 4,000, na katika 2,900 za mwisho wamepumzika siku tano tu. Niliirudia hesabu hiyo kwa sababu niliombwa. Humo njiani Dave, mbwa mwenzake Buck, anaanza kuugua ndani kwa ndani. Anafunguliwa ili apumzike, akimbie pembeni bila mzigo. Hataki. Anajitupa kwenye theluji laini, analia, anamng'ata aliyechukua nafasi yake, anazitafuna kamba za yule mwenzake mpaka zinakatika, kisha anasimama mbele ya sledi mahali pake. Wanamwonea huruma, wanamfunga tena. Kesho yake hawezi kusimama. Msafara unatangulia, mtu mmoja anarudi nyuma, unasikika mlio wa bunduki, na kila mbwa anajua kilichotokea.

Utingo akauliza kwa nini asingekubali kupumzika. Mzee wa Tanga akamjibu kabla yangu. Alisema pale yadi kwao kuna dereva aliyestaafishwa kwa sababu ya macho, na kila asubuhi anakuja, anapiga matairi kwa nyundo kusikiliza upepo, anakunywa chai, anarudi nyumbani. "Unadhani anafuata chai?"

Nimesikia watu wakisema kitabu hiki kimedumu kwa sababu watu wanapenda wanyama. Pale kwenye foleni sidhani kama kulikuwa na mtu anayefuga hata paka. Walichokuwa wanakifuata ni kazi: nani anakupa mzigo, nani anakulisha, bosi akibadilika unabadilikaje, na mwili unafika wapi kabla haujagoma. Buck hasemi neno hata moja kitabu kizima, na ndiyo maana kila mtu alimwazima mdomo wake. London aliyajua hayo kwa mgongo wake. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha vyakula vya makopo, akaenda baharini kuwinda sili, akasukuma makoleo ya makaa ya mawe. Mwaka 1897, akiwa na miaka 21, alikwenda Klondike mwenyewe, akakaa kipupwe kwenye kibanda cha magogo karibu na mto Stewart, ufizi ukaoza kwa kukosa vyakula freshi, akarudi 1898 bila dhahabu ya maana. Kule Dawson, mji wa wachimba dhahabu, alikuwa jirani wa ndugu wawili wa ukoo wa Bond, na mbwa wao ndiye aliyemchora kama Buck. Hadithi akaiuzia kampuni ya Macmillan kwa dola 2,000 taslimu, akaachia haki za kitabu, nayo ikauza mamilioni ya nakala. Nilipolitaja hilo, Mkongomani alishika kichwa kwa mikono miwili. London alifariki mwaka 1916, ana miaka 40.

Sasa njoo kwa Hal, Charles na Mercedes. Hii ndiyo sura niliyoirudia zaidi, maana kila lori lililopanga foleni nyuma yetu lilileta wasikilizaji wapya. Ni watu wa mjini wamewanunua mbwa waliochoka. Wanapanga mzigo mrefu kama ghorofa, na hema, nguo za Mercedes, vyombo ambavyo havijaoshwa. Watu wa mji wa Skagway wanawaambia mzigo umezidi, hawasikii. Sledi imegandia kwenye barafu na wao wanawachapa mbwa viboko, hawajui kwamba inabanduliwa kwanza kwa kusukumwa kushoto na kulia. Ikibanduka, kona ya kwanza tu nusu ya mzigo inamwagika barabarani kwa sababu kamba zimelegea.

"Hawafungi kamba?" aliuliza mmoja kwa uchungu, kama mzigo ni wake. Mwingine akasema hao wasingevuka mizani ya Mikese.

Kisha wanafunga mbwa 14 kwenye sledi moja. London anaeleza kwa nini hakuna mwenyeji anayefanya hivyo: sledi moja haiwezi kubeba chakula cha mbwa 14. Hal alikuwa amepiga hesabu kwa penseli, mbwa wangapi, siku ngapi, na kwenye karatasi ilikubali. Mwanzoni anawapa chakula maradufu, na Mercedes anawaibia samaki zaidi kwa huruma. Siku moja wanashtuka: nusu ya chakula imekwisha, njia wamemaliza robo. Mbwa wanaanza kufa, na Mercedes bado amekaa juu ya mzigo. Wanapofika kwa John Thornton wamebaki watano. Thornton anachonga mpini wa shoka, anawaambia barafu ya mto imeoza, hawamwamini. Buck anagoma kuinuka. Hal anashika rungu. Thornton anamrukia, anamwambia ukimpiga tena nitakuua, anamkata kamba. Wanaondoka bila Buck. Hawajaenda mbali, kipande kizima cha barafu ya mto kinazama nao.

Nilitegemea kimya. Badala yake ukazuka ubishi wa kama Hal ana kosa peke yake au aliyewauzia mbwa wale waliochoka naye ana lake. Ulifika usiku wa manane na haukuisha.

Kisa cha Thornton kuweka dau kule Dawson hakikuhitaji ufundi wangu. Kilo kama 450 za unga, baridi ya kugandisha mate, sledi imenasa chini, na Buck peke yake aibandue na kuivuta mwendo wa mita kama 90. Thornton anamwongoza kulia, barafu inapasuka. Kushoto, inapasuka tena. Ndipo anamwambia vuta. Nilipofika sledi inaanza kutambaa sentimita kwa sentimita, kuna mtu mguu wake ulikuwa unakanyaga klachi hewani.

Sura ya mwisho ndiyo niliyoipunguza, na nitaipunguza tena nikiombwa. London anabuni kabila, anaita Yeehat, anawaleta ghafla wanaua kambi nzima ya Thornton ili Buck apate kulipiza kisasi na kuhamia kwa mbwamwitu. Hawana sura, hawana sababu. Mkongomani, ambaye kwao shaba inatoka kila siku, aliuliza mara moja: "Ile dhahabu iko kwenye udongo ya nani?" Swali zuri kuliko sura yenyewe. Watu wa Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na kambi yao ya samaki pale pale mto Klondike unapoingia mto Yukon, mbio za dhahabu zikawasukuma mpaka Moosehide, chini zaidi ya mto. Na miongoni mwa walioiona dhahabu ile kwa mara ya kwanza, Agosti 1896, alikuwamo Keish, mwenyeji wa Tagish. Hao hawamo kitabuni. Niliwaambia hivyo hivyo, wakanielewa.

Wakati wa kurudi, tumepakia shaba na tumekwama Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, walitaka kingine. Nimeanza nao White Fang, cha London pia, cha mwaka 1906. Binafsi nakiona kimelegea kuelekea mwisho, lakini sura ya kwanza ni kali: watu wawili wanasafirisha jeneza kwenye sledi, risasi zimebaki tatu, mbwamwitu wanawafuata nyuma. Jioni mmoja anatoa samaki sita kuwalisha mbwa wao sita, kila mmoja wake, na samaki mmoja anapungua. Utingo wangu alihesabu kwenye vidole, akahesabu tena, akasema kuna mtu anaiba posho. Nikamwambia kesho.