Siku ya Kung'oa Kitani Belfast

Saa 2 asubuhi. Shamba letu ni kona ya bustani ya mtaa hapa Belfast, Ireland ya Kaskazini, lisilozidi ukubwa wa sebule mbili. Mbegu za kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo, tulizipanda Aprili. Leo, katikati ya Agosti, mabua yamegeuka manjano kuanzia chini, nami, kama msanii ninayeratibu kazi hii ya wakazi ya kufuma turubai la kitani, nimewaita tung'oe. Kitani hakikatwi kwa mundu, bali hung'olewa na mizizi yake ili singa, yaani nyuzinyuzi zake, zibaki na urefu wote. Nililelewa Tanga, kwenye mkonge, ambako singa hutoka katika jani. Hapa zimejificha ndani ya bua, kati ya gome na kiini chake kigumu.

Saa 4. Tunafunga matita na kuyazamisha kwenye pipa la maji, yaoze kwa wiki moja au mbili hadi utomvu unaogandisha singa ulegee. Harufu yake ni kali mno.

Saa 6 mchana. Tunaponda na kuchana mabua ya mwaka jana.

Saa 8. Hii ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote. Vitabu vinamtaja Louis Crommelin, Mfaransa wa Kiprotestanti aliyefika Lisburn, mji ulio karibu na Belfast, mwaka 1698 kusimamia ufumaji wa kitani kwa niaba ya Mfalme William wa Tatu. Lakini wanawake waliosokota nyuzi hadi Belfast ikaitwa Linenopolis, yaani jiji la kitani, hawatajwi kwa majina, wala watoto waliogawa wiki yao kati ya shule na kiwanda. Bibi mmoja wa kikundi chetu anaeleza kuwa mama yake alifanya kazi pekupeku, kwa sababu uzi mwembamba ulipitishwa katika maji ya moto ili usikatike, na sakafu ya chumba kile cha joto ilikuwa imelowa mchana kutwa.

Saa 10. Ndiyo maana turubai letu, ambalo mtande wake, nyuzi za urefu, ni uzi wa dukani na mshindio wake, nyuzi za kukatiza, ni uzi wetu wenye mafundo, halitachorwa maua ya buluu ya kitani, ingawa wengi waliyapendekeza. Litapigwa chapa za nyayo. Namwomba bibi atangulie. Namshika mkono, anavua viatu na soksi, anakanyaga rangi, kisha kitambaa.

Saa 12 jioni. Tumekianika. Kisigino chake kimeshika rangi nyingi kuliko vidole.