Chakula cha Kithai cha kufungiwa, mpaka mlimani

Mnaoagiza chakula cha Kithai kwa boda hadi Isamilo au Bugando hapa Mwanza, pad thai (tambi za kukaanga) ndiyo huharibika mapema. Zile ni tambi za mchele: zikifunikwa kwa muda zinanyonya mchuzi na kushikana bonge. Zipashe kwenye kikaango, vijiko 2 vya maji, moto wa kati, ugeuze taratibu. Tom yum, supu yao ya pilipili na ndimu, iombe kwenye kopo la mfuniko wa kuzungusha, maana vilima vyetu havina huruma na supu. Vya kukaanga vifungwe kwenye karatasi, maana kwenye kopo mvuke huvilegeza.

Mwenye mzio wa samaki, karanga au kamba wa baharini aseme kabla ya kulipia. Hata sahani ya mboga tupu mara nyingi hutiwa mchuzi wa samaki.

Pilipili? Ije pembeni, jamani.